Tiba ya mtoto inayofuata ushahidi: pa kuanzia ukiwa zahanati au wodini, Mtwara na Lindi

Maswali ni yale yale. Tabibu aliyeripoti juzi kwenye zahanati ya kijijini huko Newala anauliza, muuguzi mwenye miaka mingi wodi ya watoto anauliza, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo naye anauliza: ile tiba inayofuata ushahidi tuliyosomeshwa chuoni, kazini inafanyikaje? Inafanyika saa ngapi, na foleni imeshafika chini ya mwembe? Na bila maktaba, mtu anaanzia wapi?

Unaanzia kwenye rejista yako. Wengi hukwama kwa sababu huanza na intaneti: wanafungua makala ndefu ya Kiingereza, wanasoma kurasa mbili, mgonjwa anaingia, basi. Wiki ikiisha wanaamua kwamba mambo haya ni ya Muhimbili. Siyo kweli. Kituo chenye watumishi watatu kinaweza kuyafanya, tena kwa wepesi kuliko hospitali kubwa, kwa kuwa watu watatu hukubaliana haraka.

Hapa chini nitafuata swali moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, la mtoto anayeharisha, kwa sababu kila kituo kinalo. Ukilimaliza hilo, njia hiyo hiyo itakufaa kwa homa, kikohozi, degedege au mtoto njiti.

Nadharia ni fupi. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake walieleza kwamba tiba ya namna hii huunganisha vitu vitatu: utafiti bora uliopo, ujuzi wa mtoa huduma, na hali na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Ukitoa kimoja, umebaki na kitu kingine. Mwenye utafiti bila ujuzi atamtibu mtoto kama karatasi. Mwenye ujuzi bila utafiti atarudia alichokikuta kwa aliyemtangulia. Asiyemsikiliza mama atatoa dawa nzuri itakayobaki kwenye pochi.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, ya wagonjwa wa nje, au ya wodi kama upo hospitali.
- Leja ya dawa ya kituo.
- Chati ya IMCI, yaani utaratibu wa kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto. Ile yenyewe, si kumbukumbu yako ya mafunzo.
- Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, STG, toleo la 2021. Uweke kwenye simu, usomeke hata mtandao ukikatika.
- Kitabu cha mfukoni cha WHO cha huduma za watoto hospitalini, toleo la pili la 2013, kama unalaza watoto.
- Daftari la kurasa nyingi, rula na kalamu ya rangi ya pili.
- Simu yenye bando. Kidogo kinatosha.
- Mwenzako mmoja. Peke yako utaianza kazi, lakini ukienda likizo itakufa.

Idhini ya mganga mfawidhi iombe mapema, kwa mdomo tu, kabla hujafungua chochote. Mwambie unataka kuangalia watoto wa kuhara wanavyohudumiwa ili mboreshe pamoja. Kuhesabu rejista ya kituo chenu kwa ajili ya kuboresha huduma ni sehemu ya kazi. Kuichapisha, au kuipeleka kwenye mkutano wa wanataaluma, ni utafiti, na utafiti unahitaji kibali cha maadili. Ngazi ya taifa kibali hicho hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Hatua ya 1: Hesabu watoto 30 wa mwisho

Fungua rejista, rudi nyuma, chukua watoto 30 wa mwisho walio chini ya miaka mitano waliokuja na kuhara. Usichague. Ukianza kuruka yule "aliyeandikwa vibaya", matokeo yatakuwa ya kituo unachokitamani. Kituo ulichonacho hutakiona.

Piga mistari kwenye daftari, mtoto mmoja mstari mmoja. Safu ziwe hizi: umri kwa miezi, kuna damu kwenye choo au hakuna, kiwango cha upungufu wa maji kimeandikwa au hakikuandikwa, ORS (dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini), zinki, zinki ya siku ngapi, antibaiotiki, na dawa nyingine yoyote. Weka tiki au kistari. Kalamu ya rangi ya pili itumie kwa mtoto aliyepewa antibaiotiki bila damu kwenye choo.

Hatua hii usiiharakishe, kwa kuwa utakayoyaona hapa hayapo kwenye makala yoyote duniani. Utakuta "Zn" imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo bila siku. Utakuta ORS ipo karibu kila mstari, lakini safu ya upungufu wa maji ni tupu kuanzia juu hadi chini, maana yake mtoto alipewa ORS bila mtu kufinya ngozi ya tumbo wala kuangalia macho kama yamedidimia. Utakuta Flagyl, nayo ni antibaiotiki, kwa mtoto wa miezi minane aliyeharisha maji tu siku moja. Halafu nenda kwenye leja ya dawa, ulinganishe. Rejista ikisema zinki imetoka kwa watoto ishirini na leja ikaonyesha boksi halijapungua, andika hivyo hivyo.

Mfano wa kujifunzia, namba nimeziweka mimi: tuseme kati ya 30 hakuna mwenye damu kwenye choo, ORS wamepewa 26, zinki 11, antibaiotiki 19. Hapo swali limejitokeza lenyewe.

Onyo: msimu huathiri hesabu. Huku kwetu mvua huanza kama Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Korosho zinapookotwa, kuanzia Oktoba, mama yupo shambani na mtoto hufika kituoni akiwa amechelewa. Rejista ya Oktoba haifanani na ya Machi. Andika juu ya ukurasa tarehe ya mtoto wa kwanza na wa mwisho. Utaihitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 2: Andika swali kwa sentensi moja

Swali zuri lina sehemu nne: mtoto gani, tiba gani, ukilinganisha na nini, kwa matokeo gani. "Kuhara kunatibiwaje?" ni mada, na mada haina jibu. Andika hivi:

"Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 anayeharisha maji bila damu, kuongeza zinki kwenye ORS, ukilinganisha na ORS peke yake, kunafupisha siku za kuhara?"

Swali la pili la ukurasa huo huo:

"Kwa mtoto huyo huyo, kuongeza antibaiotiki kunamsaidia nini?"

Sehemu ya nne ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo yenye uzito. Tuna somo la nyumbani kabisa kuhusu hili. Kwenye wilaya sita za mikoa yetu, yaani Tandahimba, Newala, Ruangwa, Nachingwea, Lindi Vijijini na Mtwara Vijijini, ulifanyika utafiti mkubwa katika kata 132. Wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na waliojifungua majumbani, wakawashauri namna ya kumtunza mtoto mchanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baadhi ya desturi za kutunza watoto wachanga ziliboreka, lakini vifo vya wachanga havikuonekana kupungua. Aliyeuliza "je, akina mama wanabadilika?" alipata ndiyo. Aliyeuliza "je, watoto wanapona zaidi?" hakupata ndiyo. Kazi ilikuwa ile ile, jibu likategemea ulichouliza. Kwa hiyo kabla hujatafuta chochote, amua unachotaka kukiona kwa mtoto: siku za kuhara, kulazwa, kutapika, kifo.

Hatua ya 3: Anza na mwongozo wa taifa

Kabla ya kutafuta utafiti, fungua chati ya IMCI na STG. Mara nyingi swali lako limeshajibiwa humo, na watu waliokwishapima tafiti nyingi. Kwa kuhara: ORS yenye chumvi pungufu, zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kuendelea kunyonya na kula, na antibaiotiki pale penye damu kwenye choo au sababu nyingine maalumu kama kipindupindu kikali. WHO na UNICEF walitoa tamko la pamoja kuhusu zinki na ORS hiyo tangu mwaka 2004.

Wapo wanaosema IMCI ni ya kituo cha chini, daktari halisi haihitaji. Ushahidi wa IMCI ulitafutwa hapa hapa Tanzania. Walilinganisha Morogoro na Rufiji, zilizokuwa zinaitumia, na wilaya jirani ambazo zilikuwa bado. Utafiti ukachapishwa mwaka 2004: katika miaka miwili ya kulinganisha, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kwenye wilaya zenye IMCI. Kuna dawa nyingi za bei mbaya zisizo na rekodi kama hiyo.

Onyo: angalia tarehe ya chati iliyobandikwa ukutani. Nimeona kuta zenye chati tatu za miaka tofauti, na mtumishi anasoma iliyo karibu na macho yake. Zamani mtoto mwenye nimonia na kifua kinachobonyea ndani alipewa rufaa moja kwa moja. Tangu mwaka 2014 WHO inaelekeza kwamba, kama hana dalili za hatari, atibiwe kwa amoksilini ya kunywa akiwa nyumbani. Ukisoma chati ya zamani utampakia kwenye bodaboda mtoto ambaye angeweza kutibiwa palepale. Chati iliyopitwa na wakati ibandue.

Hatua ya 4: Tafuta utafiti, kwa nusu saa

Mwongozo ukishajibu, utafutaji una kazi mbili tu: kujua jibu lina nguvu kiasi gani, na kuona kama kuna jambo jipya. Weka saa, nusu saa ikiisha acha.

Anza na maktaba ya Cochrane. Humo kuna mapitio, yaani kazi za watu waliokusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima kwa pamoja. Kila pitio lina muhtasari wa lugha nyepesi unaosomeka bure. Kisha nenda PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za kitabibu, nayo ni bure. Andika kwa Kiingereza maneno machache ya sehemu za swali lako: zinc, diarrhoea, children. Ukiongeza Tanzania utapata ya nchini, ukiongeza Mtwara au Lindi utashangaa. Watafiti wamefanya kazi nyingi Tandahimba na Nachingwea ambazo watumishi wa Tandahimba na Nachingwea hawajawahi kuziona.

Makala ikikudai hela, usilipe. Hospitali na vyuo vya Tanzania vinaweza kusajiliwa Hinari, mpango wa WHO unaofungua majarida ya kulipia. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya mkoa.

Slaidi iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp bila jina la utafiti wala mwaka usiihesabu. Hata kama aliyeituma ni bingwa.

Hatua ya 5: Isome kwa maswali matatu

Huhitaji kujua takwimu nyingi. Uliza haya.

La kwanza: watoto waligawanywaje? Kama waligawanywa kwa bahati nasibu, makundi hufanana na unaweza kuamini zaidi kwamba tofauti imeletwa na tiba. Kama daktari ndiye aliyechagua nani apewe, huenda aliwapa wale waliokuwa wazima zaidi.

La pili: watoto hao wanafanana na wangu? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, wagonjwa wa nje wa Dar es Salaam na Ifakara. Wengi walikuwa na maambukizi ya virusi, hasa ya njia ya hewa, na kama mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa na malaria. Ni utafiti mzuri mno kwa kukuonyesha kwamba kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) kikitoka hasi hupaswi kukimbilia antibaiotiki. Lakini ule "mmoja kati ya kumi" usiulete Mtwara. Sisi tupo kwenye mikoa yenye malaria nyingi kuliko Dar, na mtoto wa Nanyamba mwenye homa mwezi wa mvua anapimwa, habahatishiwi kwa namba za jiji.

La tatu: faida ni kubwa kiasi gani kwa watoto mia, na madhara je? Hapa ndipo FEAST inapofundisha kuliko darasa lolote. Ni utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa 2011, wa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Sote tulikuwa tumefundishwa kuwapa dripu ya haraka. Ilionekana ni jambo lisilohitaji mjadala. Waliopewa dripu ya haraka walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa walikufa asilimia 7.3. Kwa kila watoto mia waliowekewa dripu hiyo kwa nia njema, watatu zaidi walipotea. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Sasa rudi kwenye swali la pili, kwa sababu FEAST husomwa vibaya na kuua upande wa pili. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Mtoto aliyekauka kwa kuhara, amelegea, hawezi kunywa, bado anahitaji dripu yake kwa Mpango C wa IMCI, bila kuchelewa. Asikudanganye mtu kwamba "dripu zimekatazwa". Kila utafiti usomao, tafuta walioachwa nje ya utafiti kabla hujatafuta matokeo.

Turudi kwenye zinki. Pitio la Cochrane la 2016 lilikusanya majaribio 33 yenye watoto zaidi ya 10,000. Kwa watoto wa zaidi ya miezi sita, zinki ilifupisha kuhara kwa takribani nusu siku, na kwa wenye dalili za utapiamlo karibu siku nzima. Kwa walio chini ya miezi sita, faida haikuonekana. Pia watoto waliopewa zinki walitapika zaidi. Halafu mwaka 2020 ulitoka utafiti wa watoto 4,500 wa Dar es Salaam na New Delhi, wa miezi 6 hadi 59, uliolinganisha miligramu 20, 10 na 5. Kuhara hakukutofautiana kwa maana, ila dozi ndogo zilitapisha watoto wachache kuliko ile kubwa.

Umejifunza nini? Kwamba zinki inasaidia kiasi, haifanyi miujiza, na mama anayesema inamtapisha mwanawe anasema ukweli. Dozi usiibadili mwenyewe kwa utafiti mmoja; fuata mwongozo wa taifa uliopo mezani, na toleo jipya likifika soma ukurasa huo kwanza.

Hatua ya 6: Lipime jibu na mama aliye mbele yako

Tukae kwenye zinki ile ile. Mama anarudi siku ya tatu. "Sista, ile dawa ya vidonge akimeza tu anatapika, nimeacha." Ukimwambia amekosea, umempoteza. Mwambie: "Ni kweli mama, watoto wengine huwatapisha. Tuyeyushe hapa pamoja, umpe kidogo kidogo kwa kijiko, nione." Weka kidonge kwenye kijiko, ongeza maziwa yake aliyokamua au maji safi, subiri kimung'unyike chenyewe, mtoto anyweshwe polepole. Dakika chache, mbele yako. Kidonge cha kwanza kikinywewa kituoni, mama anaondoka akiwa ameona kwa macho.

Kama aliyemleta mtoto ni bibi, anza na shikamoo, mkalishe, umuulize nyumbani wamempa nini. Uliza kwa heshima, bila sura ya polisi. Atakwambia kuhusu mizizi, kuhusu uji uliosimamishwa ili "tumbo lipumzike", kuhusu kimeo kutaka kukatwa au meno ya plastiki kung'olewa. Haya mawili ya mwisho yanaumiza watoto na hayatibu kuhara. Lazima uyaseme wazi. Uji urudi. Lakini kama alikuwa anampa maji ya mchele, anza kwa kusifu kwamba alimpa maji, kisha mwonyeshe ORS.

Angalia na dawa: zinki ipo, imebaki kiasi gani, inaisha muda lini, oda kwenda MSD (Bohari ya Dawa) imeandikwa? Uamuzi mzuri usio na dawa kabatini utawakatisha tamaa watumishi wiki ya pili.

Hatua ya 7: Badilisha jambo moja

Jambo moja. Siyo "kuboresha huduma ya kuhara". Kwa mfano: kuanzia Jumatatu, pakiti za ORS na zinki zifungwe pamoja tangu asubuhi, na hakuna mtoto wa kuhara anayetoka bila fungu hilo. Au: safu ya upungufu wa maji ijazwe kabla ya kuandika dawa. Chagua lipi linaweza kufanyika bila fedha wala kibali kutoka halmashauri, mwandike atakayelifanya kwa jina, na siku ya kuanza.

Tandahimba waliwahi kufanya kazi ya namna hii wilaya nzima, kupitia mradi wa EQUIP kati ya 2011 na 2014. Timu za vituo, jamii na wilaya zilikaa na takwimu zao wenyewe, zikachagua tatizo, zikajaribu badiliko dogo, zikapima, zikarudia. Kituo chako ni kidogo kuliko wilaya. Mzunguko wako unaweza kuwa wa mwezi.

Onyo: usianze kwa kuondoa. "Kuanzia leo hakuna Flagyl" italeta ugomvi kati yenu na malalamiko ya wazazi. Ongeza zinki na maelezo kwanza. Mtumishi akiwa na kitu cha kumpa mama mkononi na maneno ya kumwambia, antibaiotiki hupungua kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 8: Hesabu tena

Baada ya wiki nne chukua watoto 30 wengine, kwa safu zile zile. Linganisha. Kama kuhesabu kwa kwanza kulikuwa msimu mwingine, andika, na ikiwezekana rudi kwenye rejista ya mwezi kama huu mwaka uliopita. Namba ziwekwe ukutani pale watumishi wanaponywea chai, kwa kalamu kubwa, bila jina la mtu.

Ukikwama

Mtandao hakuna. Andika maswali ya mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja. Siku ya kwenda mjini kwa ripoti au mshahara, tafuta yote kwa pamoja na upakue. Kwa maswali mengi, hatua ya 3 ingekuwa imeshakutosha.

Mganga mfawidhi hapendi. Mara nyingi anaogopa kwamba unatafuta makosa. Mwonyeshe safu zisizo na majina ya watumishi, na anza na jambo ambalo kituo kinafanya vizuri. Mwombe yeye awasilishe matokeo kwenye kikao. Kama ni mkubwa kwako kwa umri, zungumza naye faraghani, si mbele ya wanafunzi.

Mwongozo na utafiti mpya havikubaliani. Fuata mwongozo wa taifa, kisha peleka swali lako kwa maandishi kwa mratibu wa huduma za uzazi na mtoto wa wilaya, ukiambatanisha utafiti. Tofauti ni pale unapoona madhara ya wazi: hapo piga simu siku hiyo hiyo, usisubiri kikao.

Tafiti zote ulizopata ni za hospitali kubwa. Uliza tiba ile inahitaji nini ili ifanye kazi. Mfano ni kumbeba njiti kifuani. Utafiti wa 2021 katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu, asilimia 12.0 dhidi ya 15.7. Lakini mama na mtoto walikaa kwenye chumba cha uangalizi wa saa zote, chenye watumishi na vifaa. Kifua cha mama unacho hata zahanati, na mtoto abebwe hivyo wakati rufaa inapangwa. Uangalizi ule huna, kwa hiyo rufaa isicheleweshwe kwa kudhani kubeba peke yake kumetosha.

Mama anataka sindano. Usimwambie "haina haja" ukageukia mgonjwa mwingine. Mweleze unachokiona kwa mwanawe, kuhara kutachukua siku ngapi, na dalili zitakazomfanya arudi hata usiku: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, choo kina damu, amepata degedege. Azirudie yeye mwenyewe kabla hajaondoka.

Namba hazijabadilika. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: dawa ilikuwepo siku zote za mwezi? Kila zamu iliambiwa, pamoja na ya usiku na ya Jumapili? Rejista inajazwa wakati wa huduma au jioni kwa kukumbuka? Ukikuta la tatu, tatizo si tiba, ni uandishi. Rekebisha uandishi kwanza, hesabu upya, ndipo uamue.

Aliyelianzisha amehamishwa. Hutokea kila mwaka. Kila kuhesabu kuwe na mistari miwili ya sahihi, ya aliyehesabu na ya mwenzake, na daftari likae kabati moja na rejista za MTUHA. Kwenye makabidhiano liandikwe pamoja na mizani na friji ya chanjo, na anayekuja aonyeshwe ukurasa wa mwisho na tarehe ya kuhesabu kunakofuata.